Redio Isiyokuwa na Mtangazaji

Soma taratibu mpaka mwisho. Ukimaliza, utajua mwenyewe wa kumtumia.

Mjini Mbeya aliishi fundi redio mmoja aitwaye Ambakisye. Alikuwa mtu mzima, mwenye mke na binti mmoja aitwaye Sekela, na alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Akiwa darasa la tano, mwalimu alimsimamisha asome kwa sauti. Akakwama kwenye neno la kwanza, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku ile hakuwahi kuzungumza mbele ya watu. Hata dukani kwake, mteja alieleza ubovu wa redio yake na Ambakisye akajibu kwa kutikisa kichwa.

Alichokipenda sana ni muziki wa dansi wa zamani. Alizunguka kwa familia za wanamuziki waliokwisha kufariki, akaomba kwa maandishi kaseti zilizokuwa zikioza kabatini, akaomba na ruhusa ya kuzipiga. Akazisafisha moja baada ya nyingine kwa pamba na spiriti. Kisha akafungua redio ya mtandaoni, akaiita Redio Sanduku.

Ilikuwa ya bure. Haikuwa na matangazo ya biashara wala mtangazaji. Wimbo mmoja uliisha, mwingine ukaanza, hivyo hivyo kwa miaka sita.

Watu wakaipenda. Ikafika wakati watu elfu tatu walikuwa wakiisikiliza kwa wakati mmoja. Lakini kadiri walivyoongezeka, ndivyo na gharama za mtambo wa kurushia muziki zilivyopanda. Ambakisye alizilipa kwa kipato cha ufundi, kisha akauza pikipiki yake. Baada ya hapo hakuwa na kingine cha kuuza.

Ndipo akaandika tangazo fupi kwenye ukurasa wa redio: "Baada ya wiki mbili, Redio Sanduku italipiwa shilingi elfu mbili kwa mwezi. Namba ya kulipia ni hii hapa. Ahsanteni." Hakuweka jina lake.

Majibu yakaanza kumiminika.

"Tamaa hiyo imeanza!"

"Haya makampuni ya nje yanatuzoesha vya bure, halafu yanatukamua."

"Kompyuta inajipigia nyimbo yenyewe, nilipie nini?"

Ambakisye aliyasoma yote. Alishika chuma cha kuchomelea akili ikiwa kwingine, akajiunguza kidole. Chakula kikawa hakipiti. Alihitaji watu mia nne walipie ili redio isife. Siku ya kumi walikuwa arobaini na mmoja.

Mkewe, Tumpe, alimwona anavyokonda. "Baba Sekela, wajibu basi. Waambie wewe ni nani."

"Wa... wa... watanicheka."

"Kwani sasa wanakusifia?"

Ambakisye akarudi kwenye simu yake kuhesabu tena. Bado arobaini na mmoja.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Waliolipa walikuwa sitini. Asubuhi Ambakisye alikaa mbele ya kompyuta, mkono umeshika kipanya na jasho likimtoka kwapani. Aliamua kuzima.

"Unazima hivi hivi?" Tumpe aliuliza.

"Nime... nimeandika ta... tangazo kwenye u... ukurasa."

"Wasikilizaji wako ni mafundi cherehani, ni madereva, ni wagonjwa vitandani. Wengi wanasikia tu, hawasomi. Ukizima kimya kimya watadhani mtandao umekata. Watakusubiri wiki nzima. Hilo ndilo utakalowafanyia watu uliokaa nao miaka sita?"

Maneno hayo yalimwingia. Aliwaza mtu fulani asiyemjua, amekaa mahali anabofya simu yake tena na tena, akingoja wimbo usiokuja. Aibu ya kuwaacha hivyo ikaizidi hofu yake.

Akaunganisha maiki. Alikosea tundu mara mbili. Kwenye kioo cha kompyuta aliona idadi ya wasikilizaji: elfu mbili mia tisa na kumi. Akaukata wimbo katikati.

"Mi... mi... mimi..."

Akafumba macho, akaona darasa la tano lote limemgeukia. Tumpe alisimama nyuma yake.

"Mimi na... naitwa Ambakisye. Ni fu... fundi redio, niko Mbeya. Hii redio haina ka... kampuni. Ni mimi na mke wangu. Ka... kaseti nazisafisha kwa mkono."

Alifumbua macho, akatazama kioo. Wasikilizaji walikuwa wameshuka hadi elfu mbili na mia nne.

Wanakimbia, akajiambia. Wamesikia kigugumizi, wanakimbia. Akatamani kuzima palepale, lakini sentensi ilikuwa bado haijaisha.

"Si... sina uwezo wa kuendelea. Si... siwalaumu. Nili... nilitaka tu ni... niwaage, msije mka... mkanisubiri bure."

Elfu mbili. Kisha elfu moja na mia saba. Namba zilikuwa zikiporomoka huku akizitazama. Maneno ambayo mtu mwingine angeyasema kwa dakika moja yalimchukua dakika tano. Mwishowe akasema, "Saa kumi ni... nitazima. Ahsanteni." Akarudisha muziki, akatoka uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso kwenye viganja.

Hazikupita dakika kumi, Tumpe akatoka mbio, simu mkononi.

"Baba Sekela, inuka!"

"Wa... wameisha wote?"

"Wamerudi! Njoo uone!"

"Si wa... walikimbia?"

"Nani kakimbia? Wewe fundi mzima umesahau? Mtu akipiga namba ya kulipia kwa simu hizi zetu, intaneti inakatika kwa muda. Walikuwa wanatoka kwenye redio kwenda kuisoma namba kwenye ukurasa na kulipa!"

Ambakisye aliichukua simu. Waliolipa walikuwa mia tatu na themanini, na namba ilikuwa bado ikipanda. Chini yake kulikuwa na ujumbe mwingi hata hakujua aanze na upi.

"Kumbe ni mtu! Miaka minne nilidhani ni mashine ya Wazungu."

"Mimi ndiye niliyekuandikia habari ya tamaa. Nisamehe sana, kaka. Ningejua nisingeandika vile."

"Marehemu baba yangu alipiga gitaa kwenye moja ya bendi hizo. Sikujua kwamba bado kuna anayezifuta vumbi kaseti zake."

Hawakulipa wote. Zaidi ya nusu ya wasikilizaji hawakutaka kulipia, wakaenda zao wasirudi tena, na wapo waliomwigiza kigugumizi chake na kumcheka. Lakini kufikia saa kumi, waliolipa walikuwa wamepita mia sita, na redio haikuzimwa.

Ujumbe mmoja Ambakisye aliusoma mara nyingi, mpaka Tumpe akamuuliza ana nini. Ulitoka kwa mama mmoja wa Singida, fundi cherehani. Aliandika hivi: "Mwanangu, kesho utuongeleshe tena. Na usijiharakishe. Sisi tunashona, tuna muda wa kukusikiliza."

Funzo: Watu hawawezi kuthamini jasho ambalo umewaficha. Kabla hujawalaumu kwamba hawakusaidii, waambie kwanza kwamba upo, na wewe unayetumia cha bure kila siku, jiulize leo ni nani anayekulipia.