Mlekwa na Nywele za Nyegere

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa kisa, kimekaa jikoni kinaota moto.

Tukiache huko?

Tusikiache! Kitolewe!

Basi sogeeni, wanangu. Wewe wa nyuma nawe sogea, usije ukasikia nusu ukaenda kusimulia nzima. Sasa fumbeni macho. Nataka mwone asubuhi. Jua ndiyo kwanza linachomoza. Kijana ameketi kizingitini, chanuo mkononi, anachana nywele zake. Anachana mara ya kwanza, chanuo linatoka na nywele. Anachana mara ya pili, chanuo linatoka na nywele nyingi. Anachana mara ya tatu, loo! Chanuo lina nywele nyingi kuliko kichwa!

Mmemwona? Fumbueni macho. Huyo ndiye Mlekwa.

Hapo zamani za kale, katika nchi ya misitu ambako watu waliishi kwa mtama na asali, Mlekwa alikuwa mrina asali. Baba yake alirina, babu yake alirina, naye alipanda miti kama mjusi. Akifika kwenye mzinga hakuwa na pupa. Alipuliza moshi kidogo, akasema na nyuki polepole, akakata masega ya asali, akaacha yale yenye watoto wa nyuki.

"Haya ni yenu," aliwaambia. "Mimi haya yananitosha."

Nao nyuki wakamzoea.

Sasa sikilizeni desturi ya nchi ile. Vijana wote walifuga nywele. Walizifuga, wakazisuka, wakazitia shanga. Upara ulikuwa wa mababu. Kijana mwenye upara? Watoto wa siku zile hawakuwahi kumwona! Basi Mlekwa alipotoka nje asubuhi ile, watoto walimwona, wakamfuata kwa wimbo:

*Kipara, kipara, jua limeangukia wapi?*
*Limeangukia kichwani! Linang'aa, linang'aa!*

Mlekwa akakimbia ndani kwa mama yake.

"Mama, nywele zangu zinaondoka!"

Mama akamtazama, akatabasamu. "Zako zimefanya haraka, mwanangu. Hata za baba yako ziliaga mapema. Nilimkuta kichwa chake kama yai."

"Na hukuona haya?"

"Haya ya nini? Kwani niliolewa na nywele?"

Lakini Mlekwa hakusikia. Kijana mwenye hofu, masikio yake huwa mgongoni. Maana Mlekwa alikuwa amemposa Kalunde, binti wa Mama Nyanzala, msichana wa maneno machache na macho makali. Na posa ya nchi ile haikuisha kwa maneno. Mchumba alipaswa kupanda mti mbele ya wakwe zake wote, arine asali kwa mkono wake mwenyewe, ashuke nayo. Mama wa binti akionja, mambo yamekwisha, vigelegele! Mchumba akishuka mikono mitupu, basi anakwenda zake, na binti anangoja mwingine.

"Kupanda nitapanda," Mlekwa alijiambia. "Kurina nitarina. Lakini watu wote watakuwa chini wananitazama, na mimi kichwa kinang'aa! Kalunde atanikataa. Lazima nipate nywele!"

Akashika njia.

Akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta Beberu amesimama juu ya kichuguu, ndevu zinapepea.

"Bwana Beberu, shikamoo. Naomba nywele."

Beberu akatafuna majani, akajibu, "Nywele utapata. Lakini sikia: avaaye nywele zangu, huvaa na mambo yangu."

"Nitayavaa!" akasema Mlekwa.

Akapewa. Akazibandika kichwani kwa nta ya nyuki, akarudi akitembea kwa madaha. Lakini hakufika mbali. Nyuma yake akasikia, mee! Akageuka: mbuzi jike. Mee! Mee! Mbuzi jike wawili. Mee! Mee! Mee! Kundi zima linamfuata, shingo wamezinyoosha.

"Mume wetu!" walilia. "Mume wetu, unakwenda wapi? Tungoje!"

Mlekwa akatimua mbio, mbuzi nao mbio. Njiani alikuwa Kalunde, anatoka kuchuma uyoga msituni, kapu kichwani. Akasimama kando kuwapisha.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Mlekwa!"

"Mlekwa mrina asali? Leo umekuwa mchunga mbuzi?"

Mlekwa akatazama nyuma. Mbuzi walikwisha mfikia. Akazing'oa nywele za Beberu, akawatupia, akajifunika kichwa kwa jani la mgomba, akashika njia tena.

Akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta Nungunungu anachimba mihogo ya watu.

"Mzee Nungunungu, shikamoo. Naomba nywele."

"Nywele sina, nina miiba," akasema Nungunungu. "Lakini ukiitazama kwa mbali, inapendeza. Utapata. Ila sikia: avaaye miiba yangu, huvaa na mambo yangu."

"Nitayavaa!"

Akapewa. Miiba mirefu, myeupe na myeusi, imesimama wima kama taji la mfalme. Watoto walipomwona waliacha kuimba, wakabaki midomo wazi. Mlekwa akafurahi sana! Akaenda moja kwa moja kwa wakwe. Mama Nyanzala alikuwa uani anapepeta mtama. Mlekwa akamkaribia kwa adabu, akapiga goti, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama mkwe."

Tap! Tap! Tap! Miiba ikapita kwenye ungo, ikatokea upande wa pili. Mtama wote ukamwagika, kuku wakashangilia.

"Marahaba," akasema Mama Nyanzala, ungo umebaki kichwani kwa Mlekwa. "Mwanangu, umekuja kuposa au umekuja kuwinda?"

Kalunde akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Huyu ni nani tena?"

"Ni mimi, Mlekwa," ikajibu sauti kutoka chini ya ungo.

"Aa," akasema Kalunde. "Leo umekuwa boma la miiba."

Mlekwa akaondoka na ungo wake, machozi yanamlengalenga. Nje ya kijiji akaing'oa miiba pamoja na ungo. Na kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kurina! Mnaona, wanangu? Kesho! Akashika njia kwa mara ya tatu.

Akaenda, akaenda, akaenda. Akamkuta Nyegere anatoka shimoni. Nyegere mnamjua? Mnyama mfupi, mkali, tumbo jeusi, na mgongoni amefunikwa joho jeupe tangu kisogoni hadi mkiani. Kazi yake ni moja tu: kuvunja mizinga na kula asali pamoja na watoto wa nyuki. Nyuki wakisikia harufu yake, hawaulizi mara mbili.

Mlekwa alimjua Nyegere. Alimjua kuliko mtu yeyote! Mara ngapi alimfukuza mizingani kwa mawe? Lakini siku ile macho yake yaliona kitu kimoja tu. Yaliona nywele nyingi, nzito, zinazometa.

"Nyegere, ndugu yangu. Naomba nywele."

"Leo ni ndugu yako?" Nyegere akacheka, khe khe khe. "Juzi uliniita mwizi. Haya, utapata. Lakini sikia: avaaye nywele zangu, huvaa na mambo yangu. Na nyuki hawanipendi."

"Nyuki ni wangu," akasema Mlekwa. "Wananijua."

"Wanakujua wewe," akasema Nyegere. "Mimi je?"

Lakini Mlekwa alikwisha zibandika kwa nta, anakwenda zake, anaimba.

Kulipokucha, watu wakakusanyika chini ya mti mrefu uitwao mtundu, wenye mzinga. Wazee walikuja, wajomba walikuja, watoto walikuja, na bibi mzaa mama wa Kalunde alikuja na mkongojo wake. Mlekwa akatokea. Lo! Nywele hadi mabegani! Nyeusi chini, nyeupe juu, zinapepea kwa upepo!

"Kijana huyu!" wakasema wajomba. "Amestawi kama shamba la masika!"

Kalunde peke yake hakumsifu. Alimsogelea, akanusa mara moja, akakunja pua.

"Wewe ni nani?"

"Kalunde, usinitanie mbele za watu. Ni mimi."

Akapanda. Kijinga cha moshi kiunoni, kisu kinywani, akapanda kama mjusi. Watu walikunja shingo kutazama. Akafika tawini. Akapuliza moshi kidogo, kama siku zote. Akasema polepole, kama siku zote.

"Hodi, wenyewe."

Ndani ya mzinga ikatoka sauti moja nyembamba:

"Nanusa nini?"

Sauti ya pili: "Nanusa Nyegere!"

Sauti ya tatu, na hii ilikuwa ya mzinga mzima: "NYEGERE AMEPANDA! TOKENI!"

Vuuuuuu! Nyuki wakafumka kama moshi mweusi. Wakaingia kwenye nywele, wakanaswa, wakachoma. Waliponaswa hawa wakaja wale. Mlekwa akakumbatia tawi kwa mikono yote miwili.

"Ni mimi! Ni mimi, Mlekwa!"

"Mlekwa hana manyoya!" wakajibu nyuki. "Mchomeni!"

Sasa angefanyaje? Akikaa, atachomwa hadi aanguke. Akishuka, nyuki watamfuata, na chini wako watoto, yuko mama mkwe, yuko bibi asiyeweza kukimbia. Mjomba mmoja alikwisha ingia kichakani, kofia imebaki hewani.

Ndipo Kalunde akapaza sauti kutoka chini.

"Mlekwa! Vua hizo nywele!"

"Siwezi! Watu wananiona!"

"Na nyuki je, hawakuoni?"

Mlekwa akatazama chini. Akamwona bibi amekaa palepale, mkongojo umeanguka. Akawaona watoto wamejikunyata nyuma ya Kalunde, naye amewatandazia kanga yake. Na nyuki wa kwanza walikwisha anza kushuka.

Akashika nywele kwa mikono miwili. Nta ilikuwa imeshikamana na ngozi. Akavuta, hazikutoka. Akavuta tena, hazikutoka. Akafumba macho, akavuta kwa nguvu zake zote. Kwaaa! Zikatoka! Akazitupa mbali, mbali kabisa, bondeni. Na wingu lote la nyuki likageuka, likazifuata bondeni, likizichoma na kuzitukana.

Pale juu akabaki Mlekwa, kichwa wazi, kinang'aa juani. Kila mtu alikiona.

Nyuki mmoja akarudi. Akatua juu ya upara. Akatembea huku, akatembea kule. Hapakuwa na kitu cha kumnasa. Akainamisha kichwa, akanusa.

"Jamani," akawaita wenzake, "kumbe ni Mlekwa! Ni yule anayetuachia masega ya watoto. Mbona hakusema?"

"Nilisema," akalia Mlekwa.

"Ulisema kwa mdomo wako, ukanuka harufu ya mwingine. Haya, chukua asali yako, na usituletee mgeni tena."

Akakata masega manono, yanachuruzika. Akaacha yale ya watoto wa nyuki. Akashuka. Sikio moja limevimba kama boga, jicho moja limefumba, na kichwa kitupu. Watu wakampisha. Alikwenda kwa Mama Nyanzala, akapiga goti, akanyoosha mikono miwili yenye asali.

"Mama, mimi ndiye Mlekwa. Nywele sina. Zilianza kutoka, nikaona haya, nikawadanganya. Asali ni ya kweli. Mkinikataa, nitaelewa."

Mama Nyanzala akamtazama binti yake.

"Kalunde, unamjua mtu huyu?"

Kalunde akainama, akakitazama kile kichwa mbele na nyuma, kama mtu anayechagua chungu sokoni. Kisha akacheka, na kicheko chake kikawafikia hata wale waliojificha vichakani.

"Huyu namjua," akasema. "Ndiye niliyemkubali. Wale wengine watatu walinichosha. Kila nikitaka kumzoea mmoja, anakuja mwingine. Na huyu wa mwisho, mama, alinuka!"

Mama Nyanzala akachovya kidole, akaonja. Akaonja tena. Mara ya tatu akachukua sega zima, akasahau kulirudisha.

Lilililililii! Vigelegele! Ngoma! Watoto wakacheza, wajomba wakatoka vichakani, bibi akainua mkongojo wake akazunguka nao kama msichana. Sherehe gani ile, wanangu! Mngekuwapo!

Nywele za Mlekwa hazikuota tena. Zilizobaki akazinyoa mwenyewe, akapaka kichwa mafuta ya karanga, na jua likiwa kali akavaa kofia ya ukindu. Ikawa basi. Hakukuwa na jambo jingine la kufanya, naye akaona kwamba halikuhitajika.

Lakini vijana watatu wa kijiji kile walijiambia, "Kumbe siri ya asali ni upara!" Wakavua shanga, wakanyoa nywele zao zote, wakapanda mti kwa pupa. Mpaka leo wanaulizwa nani ni nani, maana nyuso zilivimba zikafanana. Nyuki, wanangu, hawakuupenda upara. Walimpenda Mlekwa.

Na mafunzo ya hadithi ndiyo haya: ukivaa sura ya mwingine, utapigwa kwa makosa ya mwingine, na wanaokupenda watakutafuta wasikuone.

Kisa changu kimekwisha ota moto, kinarudi kulala. Kama kilikuwa kitamu, lambeni vidole. Kama kilikuwa kichungu, walaumuni nyuki, mimi msiniguse.

Ila kabla hamjainuka, nawaomba mkumbuke jambo moja tu. Mkimwona kijana ambaye nywele zake zimeanza kutoka mapema, msimwimbie, wanangu. Mwiteni kwa jina lake.