Bi Mlima Aliyetaka Kulala

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu waliolazimishwa. Haya, hata mimi nimechoka, tusidanganyane. Sogezeni kuni tuanze.

Hapo zamani za kale, kabla watu hawajaanza kubishana kama mwezi umeandama au haujaandama, huko huko mwezini alikuwako Bi Mlima. Kazi yake ilikuwa kusimama. Alisimama jana, alisimama juzi, alisimama siku zote zilizotangulia. Na kule hakuna upepo wa kumpepea mtu wala mvua ya kumwosha miguu. Ni kusimama tu.

Mbele yake alikaa Bwana Bahari. Jina kubwa, tumbo la vumbi. Hakuwa na tone la maji, lakini ukimwita Uwanda, na ndivyo alivyokuwa, haitiki. Nyuma ya Bi Mlima alikaa Bi Shimo, mwanamke wa kina na maneno machache. Ukingo wa Bi Shimo ulibomoka upande mmoja, na kwenye pengo hilo ndipo Bi Mlima aliposimama.

Siku moja Bi Mlima akasema, "Jamani, magoti yananiuma. Leo nalala."

Bwana Bahari akaruka. "Bibi wee! Fahari yetu! Nguzo yetu! Taji letu! Ukilala, nani atanitupia kivuli nionekane nina maji?"

"Fahari yenu ina magoti," akajibu Bi Mlima. Akageukia nyuma. "Na wewe shoga, unasemaje?"

Bi Shimo akajibu, "Lala, shoga yangu. Umesimama vya kutosha."

Basi Bi Mlima akaanza kukunja goti la kwanza. Mawe yakaporomoka, poro, poro, poro. Hajamaliza, mara akatokea Mbayuwayu kutoka huku chini kwetu, bawa moja limelegea. Kwao mto ulikuwa umekauka, makinda yake yanaachama midomo kiotani. Alikuwa amesikia watu wakisema yale mabaka meusi ya mwezini ni bahari, akaamini, akaja.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

"Karibu! Karibu! Karibu!" Bwana Bahari akajinyoosha. "Kunywa mwanangu, usione haya. Hapa ni kwenu."

Mbayuwayu akachovya mdomo. Vumbi. Akasogea mbele, akachovya. Vumbi. Akaenda katikati kabisa, akachovya. Vumbi, tena likamjaa kooni, akakohoa hadi akaanguka kifudifudi.

"Uchovu wa safari huo," akasema Bwana Bahari. "Unaharibu ladha."

Hapo Bi Mlima akashindwa kuvumilia. "Muongo mkubwa we! Mgeni anakufa, unampa mtungi mtupu? Binti, huyu hana maji. Hajawahi kuwa nayo. Ana jina tu."

"Basi wanangu wamekwisha," akasema Mbayuwayu, na hakuinua kichwa.

Sauti ikatoka nyuma ya mlima. "Njoo huku, mwanangu. Shuka taratibu, kuna giza."

Mbayuwayu akajikokota, akashuka kwa Bi Shimo. Huko chini, gizani, kulikuwa na barafu. Akadonoa, akadonoa, akadonoa, hata koo likafunguka. Ndipo akapiga kelele.

"Bi Mlima! Maji yapo! Lakini pale ulipokunja goti jua limepenya pengoni, na barafu inafuka, inapotea!"

Bi Mlima akanyoosha goti upesi. Kivuli kikarudi mahali pake. Akauliza polepole, "Shoga, ulijua kwamba ni kivuli changu?"

"Nilijua."

"Na ukaniambia nilale?"

"Kila mtu hapa anakutaka usimame kwa faida yake," akasema Bi Shimo. "Niliona aibu kuongeza yangu."

Milima hailii, lakini kokoto mbili zilimtoka.

"Sikilizeni," akasema mwishowe. "Nitasimama. Si kwa fahari, si kwa nguzo, si kwa taji. Nasimama kwa ajili ya maji ya shoga yangu. Na wewe Bwana Bahari, siku ukinihutubia tena, nitalala juu yako."

Bwana Bahari akajikunyata hadi vumbi likamtimka.

"Egemea ukingo wangu hapo pembeni," akasema Bi Shimo. "Upande huo ulikuwa mzima siku zote. Hukuomba tu."

Bi Mlima akaegemea. Kivuli hakikusogea.

Mbayuwayu akabeba kipande cha barafu mdomoni, akaruka nacho hadi kwao. Makinda wakanywa, wakaanza kugombana, na hapo mama yao akajua wamepona.

Ndiyo maana hadi leo mlima ule umeinama ubavu mmoja. Bwana Bahari bado anaitwa Bahari. Hakuna aliyebaki na nguvu za kubishana naye. Na Bi Mlima hajalala bado. Ila amepata pa kuegemea.

Hadithi yangu nayo imeegemea hapo. Mwenye nguvu na azime moto.