Mama Aliyelia Mezani

Zamani sana, wapendwa, huko Ulaya kwenye baridi, aliishi mke wa mtengeneza mishumaa. Mama huyu akiomba alimwona Yesu waziwazi, kama ninavyowaona ninyi hapa. Na akimwona, alilia kwa sauti. Siku moja akamwomba mumewe ruhusa, akaondoka kwenda Yerusalemu na kundi la mahujaji wa mji wao.

Kundi liliongozwa na mfanyabiashara wa sufu, mtu wa sala na wa kufunga. Lakini kila walipoketi kula, yule mama aliangua kilio, mkate ungali mkononi.

"Mama, nyamaza," mfanyabiashara akamwambia. "Tunakwenda kuhiji, hatuendi msibani."

"Ningeweza ningenyamaza, bwana. Lakini namwona Yesu."

Wakamhamishia mwisho wa meza. Wapi! Walipofika milimani, wakadamka wakamwacha amelala katika nyumba ya wageni. Theluji kila upande, na lugha ya pale haijui. Wewe ungefanyaje? Si ungerudi kwenu? Yeye alifuatana na wachungaji wa kondoo waliokuwa wakishuka bondeni, akasonga mbele akiomba chakula mlango kwa mlango, hata akafika Yerusalemu.

Akawakuta wenzake nje ya kaburi la Bwana. Alisita, akidhani watamfukuza tena. Mfanyabiashara alikuwa ameketi chini, uso umemshuka.

"Mama, utusamehe. Nimeingia humo ndani, nimeona jiwe tu. Moyo mkavu. Wewe uliyemwona Bwana njiani, alikuambia nini hata ukalia vile?"

"Mimi hakuniambia neno," mama akajibu. "Alikuwa amesimama nyuma yenu, anawaita mmoja mmoja kwa jina. Nililia kwa sababu hamkugeuka."

Ndugu zangu, sisi nasi tuna haraka ya kufika. Tunapanda basi kwenda kwenye mikutano mikubwa, tunasema huko ndiko tutakutana na Mungu. Na mtu akilia hapa katikati ya ibada, tunafanyaje? Tunawakonyeza wahudumu: mtoeni nje, anatusumbua. Wangapi tumewatoa? Na kati yao, tuliyemuuliza analia nini ni nani?

Jumapili ijayo akilia mtu, asitolewe. Msogelee, umuulize. Huenda anayeliliwa ni wewe.