Daraja la Nane

Bwana Ghalibu alimiliki nyumba nzima ya ghorofa pale Pangani, lakini kilichomkera ni kibaraza cha mbele, alipokaa Bi Mwanakheri na cherehani yake. Hakutaka kuitwa mwonevu, basi asubuhi moja akashuka na mashine yake ya sataranji.

"Bibi, cheza na hii. Ukishinda, kibaraza ni chako maisha. Ukishindwa, uhame."

"Mimi mzito wa kufikiri, Bwana. Itachoka kunisubiri."

"Ujanja huo naujua!" Ghalibu akawageukia majirani waliokusanyika. "Shuhudieni. Adhana ya adhuhuri ikimkuta yeyote hajacheza zamu yake, ameshindwa."

"Haya. Na madaraja haya yaliyoandikwa kwenye mashine ni ya nini?"

"Yako manane. La kwanza, mashine hujibu upesi, hucheza kitoto. Kila ukipanda, hufikiri zaidi. La nane hupekua njia zote, haibakishi hata moja. Kwa huruma yangu, chagua wewe."

"La nane."

Majirani wakashika vichwa. Ghalibu akacheka, akabonyeza. Bi Mwanakheri akaanza yeye, akasogeza kete moja mbele, kisha akarudi kwenye cherehani kumalizia kanzu ya watu.

Taa ndogo ya mashine ikawa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Jua likapanda. Ghalibu akaketi, akasimama, akaiinamia, jasho likamtoka.

"Cheza basi!" akaifokea, akainua mkono aipige.

Msikitini adhana ikaanza.

"Usiisumbue, Bwana," alisema Bi Mwanakheri, akikata uzi kwa meno. "Bado inafikiri."