Mgeni wa Mkekani

Mtu mmoja, mkulima wa tangawizi milimani Upare, alikuwa na mke, na binti mwenye pumu. Mkulima huyo aliitwa Senkondo. Alimpenda sana binti yake, tena alijua kwamba kadi ya bima ya afya ingewafungulia mlango wa hospitali siku pumzi zitakapokataa. Kwa hiyo alitengeneza kibubu cha mbao, akaacha mwanya wa sarafu upande wa mbele, akakisukuma uvunguni mwa kitanda. Hakuwa mzembe. Nataka hilo lieleweke kabla hatujamhukumu.

Lakini kibubu kimeitwa hivyo kwa sababu hakisemi. Kule uvunguni hakikuomba, hakikulalamika, hakikumtazama mtu. Tangawizi ilipouzwa, Senkondo alisema ataweka kesho. Kidogo alichoweka kilitolewa kwa mchango wa harusi, kisha kwa bati la jikoni. Mwaka ukaisha bila kadi. Binti yake, Nanzia, akabanwa kifua masika yote, na baba yake akakesha ameshika ukingo wa kitanda kilekile kilichoficha kibubu kitupu.

Mkewe, Nakijwa, hakugombana naye. Alichukua masizi ya sufuria na chokaa iliyobaki walipopaka ukuta, akakichorea kibubu macho mawili makubwa na nyusi, juu kidogo ya ule mwanya, nao mwanya ukawa mdomo. Kisha akakiketisha kwenye mkeka wa chakula, kati ya Nanzia na sinia la ugali.

“Leo tuna mgeni,” alisema.

Nani kati yetu hula huku mgeni anamtazama? Senkondo alicheka, akatia sarafu. Siku iliyofuata alisahau, akanyoosha mkono kumega tonge. Nanzia akamshika mkono. “Baba, mgeni hajala.”

Wakaendelea hivyo, siku za kipato kikubwa na siku za kidogo, mpaka mgeni akawa mzito. Ndipo akaja Eliamini, mdogo wake Senkondo, akiwa na haja ya pikipiki. Alipokiona kibubu alicheka. “Shemeji, siku hizi mnapikia mbao?” Kisha akamgeukia kaka yake. “Kifungue tu, kaka. Tangawizi yangu ikikomaa nitarudisha.”

Ndugu ni ndugu. Senkondo akaleta nyundo na patasi, akapiga magoti mkekani. Macho ya masizi yakamtazama. Mdomo ulikuwa wazi, kama wa mtu aliyekatishwa chakula. Akaiweka patasi chini.

“Mdogo wangu, siwezi kumtapisha mgeni.”

Eliamini alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaona kwamba Nanzia hacheki, akanyamaza. Alipokuwa akiondoka aliinama, akatia sarafu yake mwenyewe.

Siku ya kulipia bima ilipofika, walikifungua kibubu kwa nyuma, polepole, wasije wakaharibu uso. Masika yakaja na ukungu wake, na pumzi za Nanzia zikakataa. Hospitalini kadi ilipokelewa. Akavishwa barakoa ya dawa, na kabla mvua haijakatika alikuwa akiomba uji.

Senkondo aliporudi nyumbani alipiga magoti palepale alipokuwa ameshika patasi. Akamshukuru Mungu. Akamshukuru mkewe, akivishika vile vidole vilivyochora. Akamshukuru mdogo wake, ambaye bado alikwenda shambani kwa miguu. Kisha akatafuta sarafu mfukoni, akamlisha mgeni.

Alimpenda binti yake mwaka ule kama alivyompenda mwaka uliotangulia. Basi ninyi mnaowapenda watu wenu, kesho yao mmeiketisha wapi: uvunguni, au mkekani?