Chuma cha Kinga cha Mwalimu Ndekirwa

Hii siyo ya kuchekesha. Kama una haraka iache kwanza, uisome ukiwa umetulia, halafu umpelekee fundi yeyote unayemfahamu. Mpelekee na mteja wake.

Huku kwetu Usa River kuna mwalimu mstaafu anaitwa Ndekirwa. Nusu ya watu wazima wa hapa walijifunza kusoma kwake. Mwalimu huyu alikuwa na anasa moja tu maishani: gari dogo jekundu la michezo, la zamani sana, viti viwili, halina paa. Alilinunua ujanani kwa mkulima mmoja wa kahawa aliyekuwa anahama nchi, na ndilo alilompakia mchumba wake siku ya ndoa. Mchumba huyo ndiye Mama Anande. Miaka arobaini na tatu baadaye, Jumapili mojamoja, bado ungewaona wakipita, mama kajifunga kitambaa kichwani, anapungia mkono kila mtu kama bibi harusi.

Mwaka huo yakatangazwa mashindano ya magari ya kale ya kupanda mlima. Mwalimu akajiandikisha, yeye dereva, mkewe abiria. Akatangaza kanisani, akatangaza kwenye kikao cha wastaafu, akatangaza hata buchani. Waandaaji wakampa sharti moja: gari lisilo na paa haliingii bila chuma cha kinga. Hilo ni bomba nene lililopindwa, linasimama nyuma ya vichwa vya waliokaa, ili gari likipinduka chuma kibebe uzito badala ya shingo zao.

Mwalimu akaagiza chuma hicho ng'ambo. Kikaja kwenye boksi na boliti kumi na mbili, vibati vinene vinne na karatasi ya maelekezo. Hakichomelewi, kinafungwa. Unatoboa sakafu ya gari, unaweka kibati chini na mguu wa chuma juu, sakafu inabanwa katikati, unakaza. Ni kazi ya siku moja na nusu kwa mtu anayejua.

Fundi alikuwa Aminieli. Gereji yake imepakana na kibanda changu cha kushona viti vya magari, kwa hiyo haya sikusimuliwa, niliyaona. Aminieli ni fundi safi, hilo nalisema bila kupepesa macho. Naye alifundishwa na Mwalimu Ndekirwa, darasa la kwanza hadi la nne, na mpaka leo, mtu ana mvi kichwani, akimwona Mwalimu anazima sigara.

Jumatano akatoa viti, akafunua zulia. Chini palikuwa pamepakwa rangi nyeusi, nzuri, inang'aa. Akapagonga kwa mpini wa bisibisi, pakalia kama udongo. Akaigeuza, akasukuma kidogo tu, bisibisi ikazama yote. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, ikazibwa kwa puti, ule uji mzito wa kusawazishia bodi unaokauka ukawa mgumu, juu ikapakwa rangi. Aminieli akaichomoa, ncha imejaa unga wa kutu.

Hapo kila fundi anajua la kufanya. Unasimamisha kazi, unakata sehemu yote mbovu, unachomelea bati jipya, ndipo unatoboa. Inachukua wiki mbili, na mashindano yalikuwa Jumamosi.

Lakini siyo muda uliomfunga mdomo. Alichoogopa ni kumwambia Mwalimu wake kwamba gari lake limeoza. Mwaka uliotangulia fundi mwingine alimwambia injini inakula oili, Mwalimu hakumsalimu mpaka Pasaka. Aminieli akaja kwangu na chai yake mkononi, akaniuliza ataanzaje kumwaibisha mzee yule ambaye ameshatangaza kila mahali. Akajifariji kwamba mashindano yakipita ataliomba gari, aifumue ile sakafu taratibu, bure, bila mtu kujua. Basi akatoboa, akaweka vibati, akakaza boliti moja baada ya nyingine kwa nguvu zake zote.

Ijumaa mchana Mwalimu akaja na mkewe. Mama Anande alimletea Aminieli ndizi nyama kwenye hotipoti, kama ilivyo kawaida yake. Akakishika kile chuma kwa mikono miwili, akakitikisa, akacheka, akasema yeye ni mwoga wa mbio lakini sasa moyo umetulia. Mwalimu hakucheka. Alilizunguka gari mara mbili, akainama, akapapasa zulia nyuma ya kiti cha mkewe, akasimama.

"Aminieli, ulifunua mpaka chini?"

"Nilifunua, Mwalimu."

"Ukaonaje?"

Aminieli akajifuta mikono kwa kitambaa, na mikono yenyewe ilikuwa safi.

"Hamna shida, Mwalimu."

Mwalimu akaendelea kumtazama, utadhani anangoja neno jingine. Kisha akashukuru, akamfungulia mkewe mlango, wakaondoka.

Jumamosi tulikwenda wote kuangalia. Gari lilipanda vizuri, watu wanapiga makofi. Kwenye kona ya mwisho kuna kokoto, na tairi za nyuma zikateleza. Gari likapanda ukingo wa barabara, likalala ubavu, halafu likapinduka polepole, polepole kabisa, kiasi kwamba mtu wa pembeni alisema hawa hawajaumia. Chuma cha kinga hakikupinda hata kidogo. Kiling'oka kizima. Boliti zote kumi na mbili zilikuwa bado zimekaza vilevile, zimeshikilia vipande vya kutu na puti.

Mwalimu alirushwa nje akavunjika bega. Mama Anande hakurushwa. Tulipoliinua gari, kitambaa chake kilikuwa bado kimefungwa vizuri kichwani, naye alikuwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi Aminieli hakufungua gereji. Alikuwa anakuja asubuhi, anakaa kwenye benchi langu, anaondoka. Nilijua anatafuta namna ya kwenda kwa Mwalimu akaungame, na kila siku miguu inamgomea.

Wiki ya tatu Mwalimu akaja mwenyewe, kwa miguu, mkono umening'inizwa shingoni. Aminieli alipomwona akapiga magoti palepale kwenye oili.

"Mwalimu, niliona. Sakafu ilikuwa imeoza, nikanyamaza."

Mimi nilitegemea bakora, au laana. Mwalimu akakaa kwenye benchi.

"Najua ilikuwa imeoza," akasema. "Ile puti niliipaka mimi."

Akatueleza yote. Miaka sita nyuma aliiona ile kutu, akaona aibu kulipeleka gari gereji, wanafunzi wake wa zamani waone linavyooza. Akajifungia bandani, akaziba mwenyewe, akapaka rangi, hata mkewe hakumwambia. Chuma kilipofika kwenye boksi ndipo hofu ikamwingia. Kujitoa hakuweza, ameshatangaza mji mzima. Akasema moyoni, Aminieli akifunua zulia ataona, atanikatalia, na watu watajua fundi ndiye aliyezuia, siyo woga wangu. Usiku wa Alhamisi hakulala akiingoja simu ya fundi.

"Nilikuja Ijumaa ile unikataze," akasema. "Nilikuuliza mara mbili. Ungetikisa kichwa tu, ningerudi nyumbani nafurahi. Uliposema hamna shida, nikasema fundi ameona mwenyewe, anajua kuliko mimi."

Aminieli alilia kwa sauti, mtu mzima vile. Mwalimu akamwekea mkono mzima begani.

"Tulistahiana, Aminieli. Wewe ukanistahi mimi, mimi nikajistahi mwenyewe. Mama Anande hatukumwambia, na ndiye tuliyemweka kwenye kiti."

Akainuka akaenda zake. Hajaja tena gereji, na lile gari waliliuza kama chuma chakavu.

Sasa na mimi niseme langu, maana nimeandika habari za wenzangu kana kwamba nilikuwa mtazamaji. Lile zulia nililirudisha mimi. Nililikata na kulishona kuzunguka miguu ya chuma, mshono safi kabisa. Tundu la bisibisi nililiona kwa macho yangu. Nikajiambia siyo gari langu, siyo mteja wangu, na huku kwetu humuumbui fundi mwenzako mbele ya mteja wake. Nikalifunika. Ijumaa ile walipokuwa wanaondoka Mama Anande alinipungia mkono, nami nikampungia.

Funzo: Usimstahi mtu kiasi cha kumficha hatari yake. Ukiiona sakafu imeoza, sema siku hiyohiyo, hata kama mwenye gari ni mwalimu wako, kwa sababu huenda anakungoja wewe useme, na atakayeumia ni yule ambaye ninyi wote hamkumwambia.