Jino Lisilouma

Wapendwa, kulikuwa na baba mmoja, mwenyekiti wa kwaya katika usharika kama huu wetu, mwimba besi ambaye akifungua kinywa hata madirisha yanaitikia. Basi baba huyu akaumwa jino. Nani hapa hajawahi kuumwa jino? Uji wa moto linakataa, maji ya baridi linakataa. Akatafuna karafuu, akasukutua kwa maji ya chumvi, wapi. Mwishowe akaenda hospitali, kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole wa maneno na imara wa mikono.

Akakaa kitini, akaweka kidole juu ya gego. "Ni hili, Daktari. Ling'oe nikapumzike."

Daktari akampiga picha ya taya, akaitazama kwa makini, kisha akamwambia, "Baba, hili unalolionyesha halina kosa. Nyuma yake kuna jino la akili. Limelala ubavu ndani ya fizi, linalisukuma hili. La kutoa ni lile."

"Lile mbona haliniumi?"

"Haliumi, kwa sababu lenyewe ndilo linalosukuma. Linaloumia ni linalosukumwa."

Yule baba hakuridhika. Apasuliwe fizi kwa ajili ya jino ambalo hajawahi hata kuliona? Akaomba muda afikiri. Nyumbani akamweleza mkewe, naye akamwuliza kama alikwenda kutafuta tiba au kutafuta mtu wa kukubaliana naye. Kisha yule baba akasikia kuna mtu sokoni anayeng'oa jino lolote unaloonyesha, haulizi maswali. Kidogo aende. Mmeona hatari hiyo? Angerudi na pengo, gego zima limetupwa, na msukumaji yuko ndani kajilalia kwa raha zake.

Lakini neno la mkewe lilimkaa. Akarudi kwa daktari. Akapigwa ganzi, fizi ikafunguliwa, jino likatoka. Akaonyeshwa: kubwa, jeupe, halina hata tundu. Daktari akaona mshangao wake. "Ni jino zuri, baba. Lilikaa vibaya tu." Akamwekea pamba, akamwagiza aing'ate na asiongee.

Njiani akakutana na dada mmoja. Dada huyu alikuwa mwimba soprano, na baba huyuhuyu ndiye aliyemwondoa kwayani. Kila baada ya mazoezi dada alikuwa akija kulia kwamba mwalimu wa kwaya anawadhalilisha waimbaji, anawatukana mbele ya wenzao. Mwalimu mwenyewe alikuwa mtu mtulivu, mwenye kipaji, hajalalamika hata siku moja. Mwenyekiti akaamua kwamba anayelia ndiye anayeharibu amani. Akamtoa.

Dada alipoona lile shavu limevimba akampa pole, akamkaribisha kwake akae. Kisha akaanza kumweleza yaliyompata. Siku nyingine mwenyekiti angejitetea. Siku hiyo kinywa kilijaa pamba, ikambidi asikilize mpaka mwisho, kwa mara ya kwanza. Alipokuwa akisikiliza machozi yakamtoka, na hayakuwa ya jino, maana ganzi ilikuwa bado haijaisha.

Alipopata sauti, alirudi kwa yule dada kwanza. "Nisamehe, dada yangu," akasema. "Nilimng'oa asiye na kosa." Kutoka hapo akaenda kwa wazee wa usharika, wakamwita mwalimu, wakawasikiliza waimbaji wote. Mwalimu akawekwa kando, na dada akarudi kwenye mstari wake akaimba.

Ndugu zangu, sisi je? Mtoto akilia nyumbani, tunasema ana kiburi. Mke akilalamika, tunasema ana mdomo. Kijana akisimama kanisani kusema kinachomchoma, tunamwambia akatafute kanisa lingine. Tunamwendea anayelia, koleo mkononi, na nyumba ikinyamaza tunamshukuru Mungu kwa amani. Hiyo si amani. Hilo ni pengo.

Na wewe uliyekaa hapa asubuhi hii huumwi popote, umelala vizuri, umekula, dhamiri imetulia, usiharakishe kusema u mzima. Usijiulize wewe unaumwa wapi. Mtazame anayeishi karibu nawe, umwulize yeye.